Hesabu ya Kigingi cha Nne

Shangazi yangu alifundisha biolojia miaka ishirini na sita katika shule moja, chumba kilekile cha mwisho wa baraza, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Majani. Mbele yake walisema "Mwalimu", akigeukia ubao wakasema "Majani", na yeye alijua, maana masikio yake yalikuwa mazima kuliko magoti. Nilipoacha stashahada katikati (iliniacha yenyewe, lakini tusiingie huko) nilihamia kwake. Nikapewa chumba cha nyuma, nikalala pamoja na chupa arobaini za mbegu zenye majina ya Kilatini. Wapangaji wenzangu hao hawakunisumbua hata siku moja.

Nyuma ya shule palikuwa na tindiga, ardhi chepechepe yenye ukubwa wa viwanja viwili vya mpira. Ukikanyaga vibaya, kiatu kinabaki na wewe unaendelea na safari. Kwa watu wenye akili timamu pale palikuwa kwa mbu. Kwa Shangazi palikuwa maabara. Mwaka wake wa tano kazini alipigilia vigingi kumi vya chuma, akavipaka rangi nyeupe, akavipa namba. Tangu hapo, kila mwaka mvua zikikatika, kidato cha pili kilishuka na fremu za mbao, mita moja kwa mita moja. Fremu inalazwa pembeni mwa kigingi, unapiga magoti kwenye tope, unahesabu kila mmea uliomo ndani: nyasi ngapi, ndago ngapi, na zaidi ya yote, mitego mingapi.

Mtego ni jina tulilolitunga wanafunzi, maana nami nilisoma pale. Ni mmea mdogo kama kifungo cha koti, umelala chini, mwekundu, majani yake yana vinywele na kila kinywele kina tone linalonata kama ulimbo. Inzi akitua anadhani kaalikwa. Kumbe yeye ndiye chakula. Shangazi alitueleza kwamba udongo wa tindiga ni fukara, hauna mbolea ya kutosha, kwa hiyo mtego unakula wadudu ili upate kile ambacho udongo umeunyima. Alilisema hilo kwa macho yanayong'aa, kama mama anayesimulia mwanawe alivyofaulu.

Hesabu zote ziliingia kwenye daftari moja nene lenye jalada gumu. Miaka ishirini na miwili, kigingi kwa kigingi, kwa mwandiko wake mdogo uliosimama wima. Hakuna mtego mwingine uliojulikana katika wilaya nzima.

Halafu bodi ya shule ikaamua kufukia tindiga na kujenga ukumbi, na mbele ya ukumbi maegesho ya magari. Shangazi aliandika barua tatu ofisi ya mazingira. Ya tatu ikajibiwa: mtaalamu wa mimea angekuja Jumanne kuuona mtego na hesabu zake. Akiridhika, ofisi ingezuia ujenzi. Asiporidhika, bodi ingekaa Alhamisi na malori ya kifusi yangeingia Jumatatu. Shangazi alikuwa amebakiza muhula mmoja astaafu. Alitaka aondoke tindiga likiwa pale pale. Hakuwa na ombi lingine.

Jumanne asubuhi alitoka chumbani amevaa gauni la kijani na viatu vyeusi vya kung'aa.

"Shangazi, unakwenda topeni au kuposwa?"

"Beba kiti, mdomo uache nyumbani."

Kiti kilikuwa cha plastiki, na kilikuwa na sababu. Miaka kumi na miwili nyuma aliteleza ngazini, magoti yake yakafanyiwa upasuaji, na tangu hapo hakuweza kuchuchumaa wala kukanyaga tope. Kila mwaka alikaa kwenye njia kavu kandokando ya tindiga, mwavuli kichwani, daftari mapajani, na wanafunzi walimletea hesabu kwenye karatasi.

Mtaalamu alikuwa kijana mwenye buti za mpira hadi mapajani na adabu za mtu aliyelelewa na bibi. Alimshika Shangazi mkono kwa mikono yake miwili. Mkuu wa shule naye alikuja, amesimama mbali kidogo ili suruali yake isisikie habari za tope.

"Tuanze na cha nne," alisema Shangazi. "Mwaka jana walihesabu mitego mia moja thelathini na saba. Kile ndicho kinara."

Mtaalamu akaingia. Matete yalikuwa yamempita kimo. Tuliona mashina yakitikisika, tukasikia buti zikinyonywa na tope, kisha kimya.

"Mama," akaita, "hiki chenye kutu ndicho cha nne?"

"Namba si unaiona?"

"Namba naiona. Mtego siuoni."

"Inama, mwanangu. Ni mdogo."

"Nimeinama mpaka pua imelowa."

"Labda imelala," akasema Mkuu.

"Mkuu," nikamwambia, "hiyo ilikuwa mada ya wanyama."

Shangazi hakucheka. Alimwambia mtaalamu ajaribu cha tano, kisha cha saba, kisha vyote. Zilikwenda saa mbili na nusu. Alipotoka alikuwa mweusi hadi kiunoni, na mkononi hakuwa na kitu. Alifuata ukingo mpaka upande wa jiko la shule, akapasua majani kwa fimbo, tukaona mdomo wa bomba. Maji ya kijivu yalikuwa yakichuruzika kuingia tindigani, yana povu la sabuni na mabaki ya chakula.

"Jiko hili lina muda gani?"

"Miaka kumi na moja," akasema Mkuu, kifua mbele. "Nililizindua mwenyewe."

Mtaalamu akamgeukia Shangazi, akaongea polepole kama daktari. "Mama, maji haya ni mbolea. Matete yamekula, yamenenepa, yameziba jua. Mtego hauishi kivulini. Na matete ya hapa si ya jana. Umekwisha siku nyingi."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Mada hiyo, jinsi mbolea inavyoua mmea uliozoea ufukara, aliifundisha yeye mwenyewe kila mwaka, wiki ya sita, kwa mchoro wa rangi tatu.

Mkuu alipoondoka, mtaalamu alipiga goti moja mbele ya kiti, akashusha sauti.

"Silazimiki kuandika nilichokiona leo. Nitaandika kwamba msimu haukufaa. Wewe Alhamisi lete daftari lenye sahihi yako. Hesabu za miaka ishirini na miwili! Ofisi itasimamisha ujenzi mwaka mzima. Mwaka unatosha kuhamisha bomba na kukata matete. Huenda mbegu bado zipo udongoni."

"Kwa daftari la uongo."

"Kwa daftari, mama. Hayo mengine hakuna aliyeuliza."

Tulirudi nyumbani. Nilichemsha chai, yeye akakaa jikoni na viatu vyake vya kung'aa, daftari limefunguliwa mbele yake. Miaka mingi mtego haupo, na katika daftari uliendelea kuzaana vizuri tu. Mia moja ishirini na mbili. Mia moja ishirini na sita. Mia moja thelathini na mbili.

"Walihesabu nini?" akauliza. "Niambie wewe uliyesoma pale. Walihesabu nini?"

Kuna maswali ambayo hata mimi huyaogopa.

"Karatasi za mwaka wa nyuma, Shangazi."

Nikamweleza. Alipoanza, darasa lilikuwa na watoto thelathini na wanane, na kila karatasi aliipitia akiwa amesimama juu ya fremu. Miaka ikaenda, darasa likajaa mpaka mia na zaidi, magoti yakamtupa kitini, na Mkuu alitaka alama ndani ya siku tatu. Akajitungia mwongozo wa kusahihisha: anachukua hesabu ya mwaka uliopita, anaongeza tano, anapunguza tano. Aliyeangukia humo ana alama zake. Aliyetoka nje ya hapo amezembea. Ulikuwa mwongozo wa haraka na wa haki, au tuseme wa haraka. Haikutuchukua muda kuugundua. Karatasi za kaka na dada zetu zikawa mali. Ukiikopi unabadilisha kidogo, kumi na tatu inakuwa kumi na tano, isionekane. Kisha mnakaa nyuma ya matete mnapiga soga mpaka filimbi.

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Nilipata kumi na tisa kati ya ishirini."

"Ndani ya nyumba yangu," akasema taratibu. "Unakula meza hii."

"Wakati ule nilikuwa nakula kwetu."

Nilitania kwa sababu sikuwa na kitu kingine mkononi. Hakunisikia. Alikuwa anaupapasa ukurasa ule kwa kiganja, kama mtu anayetafuta uvimbe.

Jumatano hakwenda darasani. Alinichukua mpaka stoo ya maabara, chumba kisicho na dirisha, alikohifadhi karatasi zote ndani ya maboksi. Shangazi hakutupa kitu. Alitaka kujua ni mwaka gani hasa mtego ulikoma. Mimi nilikaa sakafuni. Yeye juu ya boksi la mirija ya kioo. Tulipekua tangu asubuhi. Vumbi la chaki, mavi ya mende, mwandiko wa watoto ambao sasa wana vitambi.

Nikaiona mimi. Mwaka uleule wa jiko. Karatasi ya msichana wa kigingi cha nne, mwandiko wa duara, umepigiwa mstari kwa rula:

*Mitego: 0. Nimetafuta mara tatu.*

Na juu yake, kwa wino mwekundu, mwandiko mdogo uliosimama wima: *Uvivu. Hukushuka. Rudia. 2/20.*

Nyuma yake palikuwa pamebanwa karatasi ya pili, kwa pini iliyoota kutu. Tarehe ya siku tatu baadaye. Mwandiko uleule wa duara: *Mitego: 119.* Na wino mwekundu: *20/20. Safi sana. Umeona kumbe unaweza?*

Sikujua nimpe au niirudishe boksini. Alininyang'anya. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akarudi ya kwanza. Nje wanafunzi walikuwa wanabadilisha vipindi, miguu mia inapita barazani. Shangazi alikaa na karatasi zile mpaka kengele nyingine ikalia.

"Huyu aliniambia," alisema mwisho. "Mwaka wa kwanza kabisa. Bomba lingehamishwa wiki ileile."

Alhamisi bodi ilikaa kwenye chumba cha walimu. Watu tisa, maji ya chupa, feni inayolia kama mgonjwa. Mtaalamu alikuwa pale, buti amevua, anaonekana mdogo zaidi. Mwenyekiti akamwomba Shangazi alete hesabu zake. Alisimama akishikilia ukingo wa meza.

"Daftari hili ni la kweli mpaka nusu," alisema. "Miaka kumi na moja ya kwanza walihesabu. Miaka kumi na moja ya pili wananakili, na niliyewafundisha kunakili ni mimi. Mtego haupo."

"Haupo kabisa?" akauliza mwenyekiti.

"Haupo. Lakini bomba likihamishwa na matete yakikatwa, mbegu zinaweza kuota. Naomba mwaka mmoja."

"Mwaka mmoja wa kusubiri mmea ambao haupo."

"Ndiyo."

Mzee mmoja wa bodi akakohoa ili asicheke. Mkuu akasimama kumshukuru Mwalimu kwa uaminifu wake, akasema ni mfano kwa vijana, na kwamba amewarahisishia kazi. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Wakahamia ajenda ya rangi ya geti.

Mtaalamu alitufuata nje. "Mama, ulihitaji kunyamaza tu!"

"Aliyesema nilimwita mvivu," akamjibu. "Leo nami ninyamaze, nijipe ishirini?"

Kijana aliangalia vidole vyake. Akasema samahani, ingawa sikuelewa samahani ya nini, akaingia kwenye gari lake la ofisi.

Ijumaa tukamtafuta yule msichana. Haikuwa kazi. Alikuwa fundi cherehani, ana kibanda mtaa wa nyuma ya soko, cha mabati, vitambaa vinaning'inia mlangoni. Mwanamke wa miaka ishirini na mitano hivi, mkanda wa kupimia shingoni, pini mdomoni. Alipomwona Shangazi alizitoa pini zote, akasimama wima kama yuko darasani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Kaa tu."

Shangazi akampa zile karatasi mbili. Fundi akazisoma, akacheka kidogo kwa pua.

"Mwalimu, umezitunza?"

"Uliona nini siku ile?"

Nilidhani atasema hakumbuki. Alikumbuka kila kitu. "Nilitafuta kweli mara tatu. Mitego ilikuwa imeoza, imekuwa kama uji. Na kulikuwa na povu, Mwalimu. Povu jeupe lilikuwa limejaa kwenye fremu. Nilitaka kuandika habari za povu, lakini karatasi yako haikuwa na mahali pa povu. Ilikuwa na nyasi, ndago, mitego. Basi nikaweka sifuri."

"Na ya pili?"

"Ya pili nilimuuliza dada wa kidato cha tatu." Akainua mabega. "Nilipata ishirini. Mama alifurahi, akaibandika ukutani."

"Ulipenda biolojia?"

"Kabla au baada?"

Kwenye cherehani palikuwa na suruali ya mtoto iliyoshonwa mguu nusu, sindano imesimama juu yake.

"Nimekuja kukuomba radhi. Ulikuwa sahihi wewe, nikakuandikia uvivu."

"Na tindiga?"

"Jumatatu wanafukia."

Fundi aliitazama ile sifuri yake. "Kwa hiyo umekuja kunipa alama zangu siku ambayo hazina kazi tena."

"Ndiyo."

"Sijui nikwambie nini, Mwalimu. Nikisema nimekusamehe leo hii, nitakuwa naandika mia moja na kumi na tisa."

Hakusema kwa hasira. Alizikunja karatasi, akamrudishia moja, ile ya ishirini. Ya sifuri akaitia kwenye droo ya cherehani pamoja na nyuzi. Kisha mteja akaingia kuulizia suruali yake, na sisi tukampisha, maana kibanda kilikuwa cha watu watatu.

Malori yaliingia Jumatatu kabla ya kengele ya kwanza. Kutoka chumba cha mwisho wa baraza unasikia kifusi kikimwagwa: mngurumo, kisha kama mvua ya mawe, kisha kimya, kisha lingine. Kufikia Jumatano vigingi vitano vilikuwa chini ya kifusi. Shangazi alifundisha akipandisha sauti, na lori likimwaga alinyamaza, chaki mkononi, akingoja liishe.

Siku hiyo alikipeleka kidato cha pili kuhesabu mimea pembeni mwa uwanja wa mpira. Hapakuwa na tindiga tena, lakini zoezi lipo kwenye mtaala. Kabla ya kuwatoa aliwaeleza yote. Jiko, matete, daftari, msichana wa kigingi cha nne. Nilikuwa nimeegemea mlango, na sijawahi kusikia darasa la watoto mia moja na kumi na wawili limetulia vile. Alisema: "Mwongozo wangu nimeuchana. Mtu akiona hakuna, aandike hakuna. Sifuri ni jibu kama majibu mengine." Akawatuma na fremu. Pembeni mwa uwanja ule kuna nyasi za kutosha kulisha ng'ombe wawili, na magugu ya aina sita ninayoyajua hata mimi.

Kesho yake karatasi zililetwa mezani kwake, zimefungwa kwa uzi. Akafungua, akavua kofia ya kalamu nyekundu.

Ya kwanza: sifuri. Ya pili: sifuri. Akageuza kumi kwa mkupuo. Nyasi sifuri, magugu sifuri. Nikasogea, tukapekua wote wawili, mpaka ya mwisho. Zote sifuri. Na chini ya karatasi kama thelathini, kwa miandiko mbalimbali, walikuwa wameongeza: *Nimetafuta mara tatu.*

Nje lori likamwaga. Shangazi akangoja liishe.

Mhazili wa Mkuu akachungulia mlangoni, akasema Mkuu anaulizia alama za kidato cha pili, zinatakiwa kabla ya saa sita. Ilikuwa saa tano na nusu.

"Mwambie zinakuja," akasema Shangazi.

Akachukua karatasi ya kwanza, akaitazama, akaiweka. Akachukua ya pili.